Pete ya Mtu wa Tatu

Wamepokea wapokezi wa habari, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Rasimwezi, mji wa kuta nyeupe na lango moja la mninga, alitawala sultani aliyeitwa Ghalibu bin Mudhari, na sultani huyu alikuwa mwadilifu na mkarimu na mpenda dini, lakini alikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba alishindwa kuamua. Akiletewa kanzu mbili achague moja, watumishi walikaa kitako wakaanza kuzungumza habari zao, kwa kuwa walijua kutakuwa na muda.

Na katika mji huo palikuwa na mpishi wa halua, mtu wa miaka thelathini hivi, jina lake Feruzi bin Sururu, na duka lake lilikuwa nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Halua, kwa asiyeijua kazi yake, ni adhabu tupu. Mpishi hutia sukari na wanga na samli na hiliki katika sufuria kubwa ya shaba, akachochea kuni, akashika mwiko mrefu kwa mikono miwili, akakoroga, na akaendelea kukoroga saa tatu hata nne bila ya kuupumzisha mkono, maana akisimama kidogo tu chini hushika moto na yote imeharibika. Na juu ya taabu hiyo hajui kama halua imekubali au imekataa mpaka ipoe, na ikishapoa hakuna la kufanya tena.

Kila alipomaliza, Feruzi alichemsha maji akaosha sufuria, na maji yale ya moto akayamwaga mferejini nyuma ya duka. Na kabla ya kuyamwaga alisema, "Hodi wenyewe, maji ya moto!" kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, kwamba mahali pa majimaji hapakosi wenyewe, nao ni majini, na si adabu kummwagia kiumbe wa Mungu maji ya moto bila ya kumwambia. Wenzake sokoni walimcheka. Yeye hakujali, na kusema kweli hakuamini sana wala hakukataa sana. Ulimi ulikwisha zoea. Miaka tisa aliupigia hodi mfereji, na mfereji haukumjibu hata mara moja.

Mpaka Jumatatu moja baada ya adhuhuri, aliinua ndoo akasema hodi, na mfereji ukasema, "Karibu."

Ndoo ikamtoka. Na katika mvuke wa yale maji akainuka jini mrefu, amejifunga kikoi cha zari, macho yake yamesimama wima, na uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyetoka kuzika.

"Usiogope, ewe Feruzi bin Sururu," akasema. "Mimi ni Kashkashi bin Barduli, nami nimekaa katika mfereji huu pamoja na mama yangu, kikongwe asiyeweza kutembea, na kitanda chake kilikuwa hapo hapo unapomwaga. Kila siku uliposema hodi nilimbeba nikamweka kando, na maji yakapita. Hakuungua hata ukucha. Juzi amefariki kwa uzee wake, Mungu amrehemu, na neno lake la mwisho aliniambia, 'Mtafute yule mtu wa hodi, umpe atakacho.' Basi taka."

Feruzi akapigwa na butwaa. Neno alilolisema bila hata kufikiri lilikuwa limemkinga mama wa mtu miaka tisa, naye hana habari! Akaanza kujiuliza juu ya maneno yake mengine yote, na salamu zake, na vijineno vya hasira, na mara zote alizompa mtu njia au alizomnyima, na kichwa kikamzunguka.

"Nataka kujua," akasema, "matendo yangu madogo yanafika wapi."

Jini akakuna kidevu. "Omba dhahabu, ewe mwanadamu."

"Sitaki dhahabu."

"Omba binti wa mfalme."

"Nimeshaposa, na mchumba wangu akisikia nimesimama hapa naahidiwa mabinti wa wafalme, na wewe hutapata pa kukaa."

"Hili uombalo ni la Mwenyezi Mungu peke yake," akasema jini. "Ila ninayo pete ya marehemu babu yangu, nayo huonyesha kidogo tu. Tia nia ya tendo lolote, au uulizwe habari zake, kisha tazama katika kito, na utaliona likipita kwa mtu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kwa wa tatu linakoma, na mbele yake ni ukungu. Na utaona nyuso tu, hutasikia maneno. Ukichoka, njoo upige hodi."

Feruzi akaichukua pete akaivaa kidole cha kati, na furaha yake ilikuwa kubwa mno. Nami msimuliaji laiti ningekuwapo, ningemvua ile pete hata kwa kumuuma kidole.

Kesho yake asubuhi akapita mzee mmoja kipofu aliyezoea kupewa kipande cha halua bure. Feruzi akakata kipande, akatazama katika kito, na akamwona mzee amefika kwake anachekelea, na mkewe amekitia kinywani, kisha mke ameshika shavu kwa maumivu ya jino, na jirani yao amekaa kitandani ameziba masikio. Akakirudisha kipande sahanini. Akatazama tena, na akamwona mzee amenuna, na mkewe amenuna, na mtoto wao mkubwa anatoka nyumbani na furushi la nguo. Basi akabaki amekishika kipande hewani, hawezi kukitoa wala kukiweka, mpaka nzi akatua juu yake na mzee akajiendea zake akipapasa ukuta.

Akapita jirani yake, Bi Mgeni. Feruzi alitaka kumwamkia, akatazama kwanza, na akaona salamu ile imemsimamisha mama yule, na maziwa yake yamefurika jikoni, na mtu wa pili anayafuta, na mtu wa tatu ameshika tumbo, ameinama. Alikuwa anacheka au anaumwa? Haikujulikana. Feruzi akanyamaza, na Bi Mgeni akaenda mtaa mzima akisema kwamba mpishi wa halua siku hizi ana kiburi.

Siku ya nne watu walimkuta njia panda ameinua mguu mmoja, hajui auweke wapi, kwa sababu kulia kulikuwa na mtu ambaye angempisha na kushoto kulikuwa na mtu ambaye angempisha, na kila kupisha kulikuwa na machozi ya mtu mbele yake. Nimewaona watu wengi waliochanganyikiwa, lakini wengi wao angalau walikuwa na miguu yote miwili chini.

Siku ya tano akaja Mwanakheri. Huyu ndiye mchumba wake, msusi wa ukili, na vikapu vidogo vya kutilia halua vilikuwa kazi ya mikono yake. Akatua mzigo wa vikapu mlangoni akasema, "Mama ananituma. Anauliza harusi iwe Ijumaa baada ya Idi, au vipi?"

Feruzi alimpenda Mwanakheri kuliko macho yake. Neno lilikuwa moja tu, nalo alikuwa nalo ulimini. Lakini mkono ukamponyoka, akatazama kito. Akiitikia, akamwona Mwanakheri ameinamisha uso, hatazami mtu. Na mama yake, Bi Salume, analia machozi ya kudondoka. Na mwanamke wa tatu, hamjui, ametanua kinywa anapiga mayowe. Akikataa, akamwona Mwanakheri analia, na mama yake analia, na wa tatu ni yeye Feruzi mwenyewe, mvi tupu, anakoroga halua peke yake.

Akafumba macho.

"Feruzi, weye," akasema Mwanakheri, "nimekuuliza siku, sikukuomba figo."

Asijibu. Na kule kutojibu nako akakutazama, kukawa na machozi vilevile. Mwanakheri akasubiri, kisha akajifunga upya leso yake akaondoka, na vikapu vikabaki mlangoni.

Na siku ile Feruzi alikuwa anapika halua ya Idi ya Sultani, sufuria nzima. Akawa anakoroga na anatazama pete, anakoroga na anatazama, mpaka akasahau kukoroga, na moshi mweusi ukatanda mpaka juu ya msikiti.

Akaitwa mbele ya Sultani Ghalibu. "Ewe mpishi," akasema Sultani, "Idi yetu itakuwa bila ya halua, jambo ambalo halijatokea tangu enzi ya babu yetu. Sema udhuru wako."

Feruzi, ambaye hakuwa na nguvu tena hata ya kutunga uongo, akaeleza habari ya pete yote. Na badala ya kukasirika, Sultani akashuka kitini akamkumbatia, akalia kwa furaha, akasema, "Alhamdulillahi! Miaka ishirini na mbili naomba nipate mtu atakayeniambia mwisho wa jambo kabla sijalifanya. Kuanzia leo wewe ni mshauri wetu." Akavishwa joho, akapewa chumba, na tangu hapo walikuwa wawili waliochanganyikiwa chini ya paa moja.

Hazikupita siku tatu, na lango la mninga likabishwa. Walikuwa watu mia tatu, wafugaji wa bara, mvua imewakataa na malisho yamekauka, na wametembea na wazee wao na watoto wao na ng'ombe wachache waliobaki mifupa, nao wanaomba kuingia, au basi, kama hawataingia, wapewe maji wapite. Waziri akasema huenda ni wezi, huenda wana maradhi. Sultani akamgeukia Feruzi. "Nikifungua?"

Feruzi akatazama, akaona kina mama wanakunywa maji, na mtu anakimbia na kuku asiye wake, na mtu wa tatu ameinua fimbo.

"Nikifunga?"

Akatazama, akaona midomo iliyopasuka, na kaburi dogo, na uso wa mlinzi wa lango asiyeweza kula chakula chake.

"Basi ipi bora?"

"Maulana, sijui."

"Ngoja tufikiri," akasema Sultani. Na kwa ushauri wa waziri ikapigwa mbiu ya mgambo: lango lisifunguliwe, wala kitu kisipite ukutani, mpaka Sultani atakapoamua, na mkono utakaopitisha hata tone la maji utakatwa. Nao wakakaa kufikiri. Siku ya kwanza wakafikiri, na ya pili wakafikiri, na jua nje ya lango halikuwa na habari ya mawazo yao.

Siku ya tatu mchana wakamleta Mwanakheri amefungwa kamba. Alikuwa amekutwa juu ya ukuta, amesokota ukili wake wote wa vikapu ukawa kamba, na kwa kamba hiyo alikuwa akiwateremshia watu wale ndoo ya maji, ndoo baada ya ndoo, tangu alfajiri. Na ndoo ile ilikuwa ndoo ya dukani kwa Feruzi.

Feruzi alipomwona moyo ukamwanguka, kwa kuwa mkono ule ndio aliouposa.

"Binti," akasema Sultani, "ulisikia mbiu?"

"Niliisikia, Maulana."

"Na adhabu yake?"

"Nayo pia."

"Ilikuwaje basi?"

"Kulikuwa na watu wanalia maji, Maulana, na mimi nina kisima uani."

"Uliwajua ni watu wema?"

"Sikuwauliza. Walikuwa na kiu."

"Na ikiwa mmoja wao atapata nguvu kwa maji yako hayo, kisha aje aubomoe mji wetu?"

Mwanakheri akasema, "Maulana, mimi niliamrishwa na Mola wangu nimpe maji mwenye kiu. Sikuamrishwa nijue atakuwa nani akishakunywa. Hilo analo Mwenyewe, nami simwingilii."

Sultani akageuza uso wake kwa Feruzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Mshauri wetu, tutazamie. Nikimwachia huyu na nikafungua lango, nini kitakuja?"

Feruzi akatazama katika kito. Akamwona Mwanakheri, mikono yake yote mizima. Akamwona mzee wa kifugaji amepokea kata ya maji. Na wa tatu alikuwa Sultani mwenyewe, amekaa mavumbini, kilemba kimemwanguka, analia kama mtoto.

"Na nikimkata mkono?"

Akatazama. Akamwona Mwanakheri, na sitasema alivyomwona. Akamwona Bi Salume ameanguka. Na wa tatu alikuwa Sultani, amekaa kitini pake, uso umetulia, na sahani ya tende iko mbele yake.

Mnaona jinsi alivyobanwa. Akisema kweli, kweli yote ilikuwa upande wa kisu. Akisema uongo, mkono utapona, lakini atakuwa amemdanganya mtu aliyemwamini, na uongo huo nao utafika kwa mtu wa kwanza na wa pili na wa tatu. Akatamani kuutazama na huo katika kito. Mkono wake ulikwisha inuka. Ndipo akamtazama Mwanakheri, na Mwanakheri hakuwa akimtazama Sultani wala kisu. Alikuwa akitazama dirishani upande wa lango, kama mtu aliyeacha kazi katikati.

Feruzi akaivua pete.

"Maulana," akasema, "ukimwachia, nimekuona unalia mavumbini. Ukimkata, nimekuona umetulia kitini pako. Hayo ndiyo niliyoyaona, sikukuficha. Na pamoja na hayo nakuomba umwachie. Pete hii inaonyesha nyuso, haisemi nyuso zile zina nini, na baada ya mtu wa tatu kuna watu wengi kuliko sisi sote, nao wako ukunguni. Mimi ni mpishi wa halua. Miaka tisa sijapata kujua ndani ya moto kama itakubali. Nilisema Bismillahi, nikakoroga kwa nguvu zangu, nikaiacha ipoe, na Mungu akanipa alichonipa. Siku nilipotaka kuona mwisho kabla ya mwisho niliacha kukoroga, ikaungua. Na sisi, Maulana, siku tatu hizi tumeacha kukoroga, na kinachoungua ni watu. Kama ni lazima mkono ukatwe, ukatwe wangu, kwa kuwa huyu hakuona mbele akatenda, na mimi niliona nikakaa."

Sultani Ghalibu akamkazia macho kwa muda. Watumishi wakaanza kutafuta pa kukaa. Lakini kabla hawajakaa Sultani alikwisha simama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona anasimama bila ya kuulizwa mara mbili.

"Mfungueni kamba," akasema. "Na lango lifunguliwe. Na mimi nipeni kata ya maji."

Akashuka kwa miguu yake mpaka langoni, na maji mkononi, na wa kwanza kumkuta alikuwa mzee wa kifugaji, macho yake yana utando, ameegemea ukuta. Sultani akainama akamnywesha. Mzee akanywa, akashika ule mkono asiojua ni wa nani, akausuguasugua kwa kiganja chake kikavu akasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke, mwanangu." Na tangu mama yake alipofariki, yapata miaka ishirini na mbili, hakuna aliyewahi kumwita Sultani neno hilo, kwa kuwa nani angethubutu? Akakaa mavumbini, kilemba kikamwanguka, na akalia mpaka moyo wake ukawa mwepesi.

Feruzi alikuwa nyuma yake, akaona uso ule ule aliouona katika kito, na safari hii akasikia na maneno. Akaingiwa na haya.

Akaenda moja kwa moja mpaka mferejini akasema, "Hodi."

"Umechoka?" akauliza jini.

"Nimechoka."

"Siku kumi na moja! Babu yangu aliivua siku ya pili. Wewe kweli mkaidi."

Feruzi akaitoa pete, kisha akaikawiza kidogo kiganjani. "Nieleze neno moja tu. Ndani ya ule ukungu kuna nini?"

"Sijui," akasema Kashkashi bin Barduli, "na mimi ni kiumbe kama wewe. Haya, kwa heri. Mama hayupo tena, na mfereji huu unanitia simanzi. Nahama leo." Akatwaa pete yake akatoweka.

Kutoka hapo Feruzi akaenda kwa Bi Salume, akapiga hodi ya pili ya siku ile, akasema mbele ya mama na binti yake, "Ijumaa, kama bado mnanitaka." Mwanakheri akamweka mlangoni muda wa kutosha kumfundisha adabu, kisha akasema, "Ndoo yako iko kwa walinzi, kaichukue."

Harusi ikafanywa Ijumaa ile. Bwana harusi alipoingia ndani akamkuta bibi harusi ameinamisha uso, hatazami mtu, kama wafanyavyo maharusi. Na Bi Salume analia machozi ya kudondoka kwa kuwa nyumba yake imebaki tupu. Na mwanamke mmoja wa kifugaji, aliyekaribishwa, ametanua kinywa mpaka mwisho anapiga vigelegele. Feruzi akacheka mpaka somo wa bibi harusi akamfinya.

Wafugaji wakapewa malisho upande wa kaskazini, na mwaka uliofuata mvua ikanyesha, na samli yao ilikuwa nzuri hata halua ya Feruzi ikatafutwa na miji ya mbali, na Sultani akamweka kuwa mpishi wa baraza, na mali ikaja. Na kweli, mmoja wa wale wafugaji aliiba kuku wa waziri. Alichapwa fimbo mbili, akamrudisha.

Basi enyi wasikilizaji, mtu apewe maji akiwa na kiu, na aamkiwe akipita, na aambiwe anapokaribia kuungua. Hayo tumepewa sisi, na yanakofika tusiyadai. Feruzi aliishi miaka mingi, na kila siku alipoosha sufuria alitoka na ndoo ya maji ya moto mpaka kwenye mfereji ule, ambao yeye peke yake alijua kuwa umehamwa. Akasema, "Hodi wenyewe, maji ya moto!" Akasubiri kidogo, kadiri ya muda wa mtu kumbeba mama yake kutoka kitandani. Kisha akamwaga.